Saratani ya shingo ya kizazi: Unyumba baada ya matibabu

MWANAMKE wa Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima mkoani Simiyu, anapogundulika kuwa na saratani ya shingo ya kizazi, hulazimika kuifuata tiba ya mionzi mbali na nyumbani, katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Hurejea akiwa na tarehe ya kliniki na dawa. Jambo ambalo mara nyingi halizungumzwi ni unyumba.

Wanaohusika si wachache. Kwa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020, wanawake zaidi ya 10,000 nchini Tanzania hupata saratani hiyo kila mwaka. Wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekomaa, hivyo hutibiwa kwa mionzi.

Mionzi ya nyonga hukausha ute wa uke na kupunguza uwezo wake wa kutanuka. Kuta zake huweza kushikana, uke ukawa mfupi na mwembamba. Ovari nazo huacha kufanya kazi, hedhi ikakoma kabla ya wakati na uwezo wa kuzaa ukapotea. Matokeo yake ni maumivu wakati wa tendo la ndoa, kutokwa damu kidogo na kupungua kwa hamu.

Asiyeelezwa hayo hudhani ugonjwa umerudi, au mume hudhani amekataliwa.

Zipo pia imani potofu zinazovunja ndoa. Saratani haiambukizwi kwa kujamiiana, na mionzi ya mashine haibaki mwilini ikamdhuru mume. Kinachoambukizwa ni kirusi cha HPV, ambacho watu wengi hukutana nacho wakati fulani maishani na huweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili. Kwa sababu hiyo, ugonjwa huo si ushahidi wa uzinzi.

Nafuu ipo

Kwa kawaida wataalamu hushauri kusubiri wiki nne hadi sita baada ya matibabu, au hadi daktari aruhusu. Vilainishi vya maji hupunguza msuguano, ilhali sabuni zenye manukato huongeza mwasho. Krimu ya homoni hutumika kwa ushauri wa daktari pekee.

Kifaa kingine ni kipanuzi, chenye umbo la kidole na ncha ya mviringo, ambacho mwanamke hukiingiza mwenyewe ukeni mara kadhaa kwa wiki ili kuta zisishikane. Hata mjane au asiye na mume hukihitaji, kwa kuwa uke ukiziba daktari hushindwa kuchunguza iwapo saratani imerejea.

Damu nyingi, uchafu wenye harufu mbaya au maumivu makali ni sababu ya kurudi hospitali mapema.

Mume naye anapaswa kuwapo kliniki, asikie maelezo kutoka kwa mtaalamu. Ukaribu wa wanandoa hauishii kwenye tendo lenyewe. Mazungumzo, subira na mguso wa upole hurejesha imani kabla mwili haujawa tayari.

Kabla ya kuondoka hospitalini, mgonjwa ana haki ya kuuliza maswali matatu: lini naweza kurejea unyumba, nitumie nini kuzuia maumivu, na dalili zipi zinirudishe hapa? Muuguzi asisubiri kuulizwa, kwani wengi hunyamaza kwa aibu.