Visima viwili vya Olkaria

Leo siandiki kuhusu Linux, ila tutafika kwenye kompyuta.

Duka moja hapa Nakuru (silitaji jina) liliniita nirekebishe programu ya stoo. Aliyeiandika alihamia Mombasa bila kuacha hata ukurasa mmoja wa maelezo. Siku tatu nilikisia tu. Mwishowe tukaanza upya, na rekodi za miaka minne zikaenda na maji.

Nikakumbuka Olkaria, kule Naivasha. Mwaka 1956 vilichimbwa visima viwili kutafuta mvuke. Kimoja kilifika karibu mita 950. Joto lilikuwepo, lakini mvuke wa kuzungusha mashine haukutoka, kazi ikasimama kwa zaidi ya miaka 10. Katika ofisi nyingi ninazozijua, makaratasi hayo yangefungia maandazi! Lakini utafiti mpya wa serikali na UNDP ulipoanza 1970, watu walirudi kwenye visima vile vile wakavipima tena, ndipo wakachimba vipya kuanzia 1973. Kupanda kwa bei ya mafuta nako kulisukuma, tusidanganyane. Juni 1981 mashine ya kwanza ya megawati 15 ikawasha umeme, na kufikia 1985 zilikuwa tatu, megawati 45.

Bado ujuzi mwingi ulikuwa vichwani mwa wageni, na mgeni huenda kwao. Hapa ndipo ninapovutiwa zaidi. Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa kilianzisha mafunzo ya jotoardhi Aisilandi mwaka 1979, na Wakenya wamekuwa wengi kuliko taifa lingine lolote. Ni miezi sita, na kila mmoja huandika ripoti, mara nyingi kwa data za visima vya nyumbani. Ripoti hizo ziko wazi mtandaoni, bure. Nimepakua kadhaa, zinaeleza hata walichokosea. Kwetu waandika programu hilo ni adimu. Tangu 2005 kozi fupi zikaletwa Naivasha kwenyewe.

KenGen, inayoendesha mitambo hiyo, ilipata kazi ya kuchimba visima Ethiopia mwaka 2019, kisha Djibouti 2021. Sasa inauza kile ilichojifunza.

Yule jamaa wa Mombasa bado hajapokea simu yangu.