Herufi C na Picha ya Disketi: Mabaki ya Vifaa Vilivyotoweka katika Matumizi ya Kompyuta

Makala haya yanachunguza historia ya disketi. Hoja yake kuu ni kwamba kifaa kinapoachwa kutumika, alama zake katika mazoea ya watumiaji huweza kudumu kuliko kumbukumbu zilizohifadhiwa ndani yake.

IBM ilianza kuuza disketi ya inchi 8 mwaka 1971. Mwaka 1976 kampuni ya Shugart Associates ilitoa ya inchi 5¼, na mwaka 1981 Sony ikatoa ya inchi 3½, ambayo baadaye ilifikia ujazo wa megabaiti 1.44. Kompyuta binafsi ya IBM ya mwaka 1981 iliuzwa bila diski ngumu. Programu na kazi za mtumiaji zilisomwa kutoka kwenye disketi. Kwa sababu hiyo, herufi A na B zilitengwa kwa ajili ya viendeshi viwili vya disketi. IBM ilipotoa modeli ya PC XT mwaka 1983, ikiwa na diski ngumu ya megabaiti 10, diski hiyo ilipewa herufi iliyofuata, yaani C. Mpaka leo, diski kuu ya kompyuta yenye Windows kwa kawaida huitwa C, ijapokuwa A na B hazina mwenyewe. Vivyo hivyo, programu nyingi hutumia picha ya disketi kuwa alama ya kuhifadhi faili, hata kwa watumiaji wasiowahi kuishika.

Kutoweka kwa disketi kulichukua muda mrefu. Apple ilitoa iMac bila kiendeshi chake mwaka 1998, na Sony ikasitisha mauzo ya disketi mwaka 2011. Hata hivyo, ni mwaka 2024 tu ndipo serikali ya Japani ilipokamilisha kufuta kanuni zaidi ya 1,000 zilizodai matumizi ya disketi na vifaa vya aina hiyo.

Yaliyomo hayakupata bahati ya alama hizo. Data ya disketi huandikwa kwa sumaku, nayo hufifia. Hata ikisalimika, huhitaji kiendeshi cha ukubwa wake na programu inayoelewa muundo wa faili. Hivyo, tasnifu iliyoandikwa kwa kompyuta katika miaka ya 1980 huweza kusomeka leo katika nakala ya karatasi, ilhali disketi yake imekuwa bubu.

Kwa kuhitimisha, kuhifadhi disketi kabatini si kuhifadhi maandishi. Maktaba za vyuo vikuu hazina budi kuhamisha yaliyomo wakati viendeshi vya kuyasoma vingali vikipatikana.