Woke

Woke (hutamkwa takriban "wouk") ni kivumishi cha Kiingereza kilichotokana na lugha ya mitaani ya Wamarekani Weusi. Maana yake ya msingi ni "aliye macho", yaani mtu anayetambua ubaguzi wa rangi na dhuluma nyingine katika jamii na kujihadhari nazo. Tangu miaka ya 2010 neno hili limeenea katika nchi nyingi na limepata maana zinazopingana. Kwa baadhi ya wasemaji ni sifa, kwa wengine ni kejeli au hata tusi. Kwa sababu hiyo maana yake katika sentensi hutegemea sana ni nani anayesema na anamsema nani.

Sarufi

Katika Kiingereza sanifu, *woke* ni wakati uliopita wa kitenzi chenye maana ya "kuamka". Sentensi *I woke at six* maana yake ni "Niliamka saa kumi na mbili", wala haihusiani na siasa. Kivumishi cha kawaida chenye maana ya "aliye macho" ni *awake*. Katika Kiingereza cha Wamarekani Weusi, *woke* lilitumika mahali pa *awake*, na matumizi hayo ndiyo yaliyozaa kivumishi cha leo.

Kama kivumishi, neno huweza kufuata kitenzi, kwa mfano *she is woke*, au kutangulia nomino, kwa mfano *a woke teacher*. Msemo unaojulikana zaidi ni *stay woke*, yaani "kaa macho". Kutokana na kivumishi hiki zimeundwa nomino *wokeness*, yaani hali ya kuwa hivyo, na *wokeism*, ambayo hutumiwa hasa na wapinzani kana kwamba ni itikadi kamili. *The woke* ni jina la jumla la watu wanaohesabiwa kuwa na msimamo huo, na kwa kawaida hutamkwa na asiyewapenda.

Asili

Mfano wa zamani unaojulikana sana ni wa mwanamuziki Lead Belly. Mwaka 1938 alirekodi wimbo kuhusu vijana wa Scottsboro, yaani vijana tisa Weusi walioshtakiwa mwaka 1931 katika jimbo la Alabama kwa kuwabaka wanawake wawili Wazungu ndani ya treni. Wanane kati yao walihukumiwa kifo na mabaraza ya wazee wa mahakama yaliyokuwa na Wazungu watupu, ingawa baadaye mmoja wa wanawake hao alikana madai yake. Hatimaye hakuna aliyenyongwa, lakini walikaa gerezani miaka mingi. Katika maelezo yake baada ya wimbo, Lead Belly aliwashauri Weusi wanaopita Alabama wawe waangalifu na wakae macho, akitumia maneno *stay woke*. Hapo neno lilikuwa onyo la usalama: asiyekuwa macho angeweza kupoteza maisha yake.

Tarehe 20 Mei 1962 gazeti la *The New York Times* lilichapisha makala ya mwandishi William Melvin Kelley yenye neno *woke* katika kichwa chake. Kelley alieleza jinsi misimu ya Weusi inavyochukuliwa na Wazungu, na jinsi Weusi wenyewe wanavyoyaacha au kuyageuza maneno hayo yakishaenea. Baadaye neno *woke* lenyewe lilipitia njia hiyohiyo.

Kuenea

Mwaka 2008 mwimbaji Erykah Badu alitumia msemo huu katika wimbo "Master Teacher", na wasikilizaji wengi wapya wakaufahamu. Tarehe 9 Agosti 2014 kijana Mweusi Michael Brown, mwenye umri wa miaka 18, alipigwa risasi na polisi na kufa huko Ferguson, Missouri. Katika maandamano yaliyofuata, wafuasi wa vuguvugu la Black Lives Matter walitumia *stay woke* kuhimizana kufuatilia matendo ya polisi. Kupitia mitandao ya kijamii msemo ukawafikia vijana wa rangi zote, na maana ikapanuka kugusa usawa wa kijinsia, haki za wahamiaji na mazingira. Mwaka 2017 kamusi ya Oxford iliingiza maana hii mpya.

Kejeli na tusi

Neno lilipozoeleka, lilianza kutumiwa kumcheka mtu anayejionyesha kuwa mwema kuliko wenzake. Kejeli hii haikutoka upande mmoja tu. Mwezi Oktoba 2019, akiwa Chicago, rais wa zamani Barack Obama aliwaonya vijana wanaodhani kwamba kuwalaumu wengine mtandaoni kunatosha kuleta mabadiliko.

Kwa wahafidhina wa Marekani na Uingereza neno limekuwa lawama. Wakisema filamu, shule au kampuni ni *woke*, humaanisha kwamba imezidisha mambo ya rangi na jinsia. Wito wao *go woke, go broke* unadai kwamba kampuni ya namna hiyo itafilisika. Nchini Ufaransa neno limekopwa kama *wokisme*, na hutumiwa hasa na wakosoaji.

Mwaka 2022 gavana wa Florida, Ron DeSantis, alitia saini sheria iliyopewa jina la *Stop W.O.K.E. Act*, inayowekea mipaka ufundishaji kuhusu rangi na jinsia shuleni na katika mafunzo ya lazima kazini. Mahakama za shirikisho zilizuia baadhi ya sehemu zake. Mwishoni mwa mwaka huohuo, katika kesi nyingine, mwanasheria wa gavana aliulizwa mahakamani maana ya *woke*. Alijibu kwamba ni imani kuwa kuna dhuluma za kimfumo katika jamii ya Marekani zinazohitaji kushughulikiwa. Maelezo hayo yanakaribiana na yale ya watu wanaolitumia neno kama sifa. Wanachotofautiana ni kama imani hiyo ni sahihi.

Kutafsiri kwa Kiswahili

Kiswahili kina picha inayofanana. *Kuwa macho* ni kutolala na pia ni kujihadhari, na *mwamko*, kutoka kitenzi *kuamka*, hutumika kwa uelewa wa kisiasa. Hivyo *stay woke* katika maana ya asili hutafsirika vizuri kuwa "kaa macho", na *a woke teacher*, kama ni sifa, kuwa "mwalimu mwenye mwamko". Lakini *mwamko* halina dharau ndani yake. Pale msemaji anapokejeli, mfasiri hulazimika kuionyesha dharau hiyo kwa maneno mengine, kwa mfano "anayejifanya ana mwamko", la sivyo lawama itasomeka kama pongezi.

Tazama pia

- Black Lives Matter
- Lead Belly
- Misimu
- Ubaguzi wa rangi