Matoke, Mulago na Serotonini

Mwaka 1948, huko Cleveland, Marekani, Maurice Rapport na wenzake walitenga kutoka kwenye damu kemikali inayokaza mishipa, wakaiita serotonini. Mwaka huohuo J. N. P. Davies, mwanapatholojia wa Kampala, alieleza ugonjwa alioukuta katika maiti zilizopasuliwa: utando wa ndani wa moyo umegeuka kovu jeupe na nene, moyo haujai damu tena.

Habari hizo mbili zilikutana miaka kumi baadaye. Ilijulikana kwamba ndizi zina serotonini nyingi, na kwamba uvimbe wa kasinoidi, unaomwaga serotonini mwilini, huacha makovu kwenye vali za moyo. Buganda, ambako chakula kikuu ni matoke ya ndizi, shaka kwamba ndizo zinazoleta ugonjwa wa moyo alioueleza Davies ilikuwa na msingi. Michael Crawford wa Makerere alipima mikojo, na mwaka 1962 akaeleza kuwa walaji wa ndizi hutoa mabaki mengi ya serotonini. Mwaka 1965 zilifuata taarifa za makovu katika mioyo ya simbilisi waliolishwa ndizi.

Hata hivyo, mkojo wenyewe uliitetea ndizi. Mabaki yale yalionyesha kwamba serotonini imekwisha kuvunjwa. Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya cha monoamini oksidesi, kilichomo utumboni na kwenye ini. Wala serotonini ya chakula haipenyi kuingia ubongoni. Ubongo hujitengenezea yake kutokana na triptofani. Isitoshe, katika hospitali ya Mulago, Kampala, wahamiaji kutoka Rwanda na Burundi walionekana kuugua ugonjwa huo wa moyo zaidi kuliko Waganda wenyewe. Dhana ya matoke ikafifia.

Sumu ya kweli ya serotonini ilitoka kwenye dawa. Iproniazidi, iliyojaribiwa kwa kifua kikuu mwaka 1952, huzuia kimeng'enya hichohicho. Mwaka 1955 iliripotiwa kwamba mgonjwa mmoja wa kifua kikuu aliyekuwa akiitumia alipewa pethidini, dawa ya maumivu, akafa. Mwaka 1960 Oates na Sjoerdsma waliwapa triptofani wagonjwa waliokuwa wakimeza dawa za aina hiyo, na dalili za sumu hiyo zikajitokeza wazi: jasho, fadhaa, mtetemeko. Dalili ya kuaminika zaidi iko mguuni. Daktari akisukuma wayo juu kwa ghafla, mguu hupigapiga wenyewe bila kukoma. Misuli ikikakamaa, joto hupanda sana na mgonjwa anaweza kufa. Tiba ni kusimamisha dawa zote zinazohusika, kumpoza mgonjwa na kumpa diazepamu. Siproheptadini huongezwa ikipatikana.

Leo linezolidi, dawa ya kifua kikuu sugu, nayo huzuia kimeng'enya hicho, ingawa kwa udhaifu. Ndiyo sababu anayeianza huulizwa kwanza kama anatumia tramadoli au dawa za sonona zinazoongeza serotonini.