Jeshi Linapobaki, Jeshi Linapoondoka: Kutoka Manowari ya Tamthilia hadi ETO Kicukiro

Sikutarajia lolote la maana. Mwenzangu wa chumbani alininakilia msimu wa kwanza wa tamthilia ya The Last Ship kwenye flashi wakati wa likizo, nami nikaupokea kwa adabu tu. Nilidhani nimepewa sinema ya vita ya kawaida: askari Mmarekani mwenye misuli, milipuko kila dakika 5, bendera ikipepea, na adui asiyejua kulenga shabaha. Nilikosea. Siku 4 baadaye nilikuwa nimezimaliza sehemu zote 10, na daftari langu la somo la Historia lilikuwa limejaa maswali.

Swali lililonisumbua zaidi ndilo ninalolijadili katika insha hii: askari hubaki na wajibu gani pale amri kutoka juu inapokosekana, au inapokuja ikiwa kinyume na wajibu huo? Tamthilia inalijibu kwa kubuni. Hapa Kicukiro swali hilo lilijibiwa kwa damu tarehe 11 Aprili 1994, mwendo mfupi kutoka mtaa wetu wa Niboye.

Nianze na tamthilia yenyewe. The Last Ship ilioneshwa na kituo cha TNT cha Marekani kuanzia mwaka 2014 hadi 2018, kwa misimu 5. Chanzo chake ni riwaya ya William Brinkley iliyochapishwa mwaka 1988, zama za Vita Baridi, na katika riwaya hiyo dunia inaangamizwa na silaha za nyuklia. Watengenezaji wa tamthilia walibadilisha janga hilo, wakaweka virusi. Manowari iitwayo Nathan James iko katika bahari ya Aktiki kwa miezi kadhaa bila kuwasiliana na mtu yeyote. Mabaharia wanapofungua tena mawasiliano, wanakuta sehemu kubwa ya wanadamu imekufa na serikali yao imebaki jina tu. Ndani ya meli yumo mwanasayansi, Dkt. Rachel Scott, anayetafuta chanjo. Amri ya mwisho inapokatika, nahodha Tom Chandler anaamua kwamba meli haitarudi nyumbani kwanza. Itabaki baharini hadi chanjo ipatikane, ingawa kila baharia ana mama, mke au mtoto anayetaka kujua kama yu hai.

Kilichonishangaza ni jinsi hadithi inavyojali mambo madogo. Mafuta yanakwisha, chakula kinatafutwa Guantanamo, injini inakufa katikati ya bahari, maji ya kunywa yanagawiwa kwa kipimo. Nidhamu inaoneshwa kama kazi ya kila siku, na inaweza kuvunjika. Mabaharia wanauliza waziwazi: tunamtii nani sasa? Sikutegemea kusikia swali hilo katika tamthilia ya mizinga.

Jioni ya mwisho mama mwenye nyumba tunayopanga aliketi nasi akatazama. Alikuwa Kicukiro mwaka 1994. Hapendi kusimulia, nasi hatumuulizi. Nilimweleza kisa kwa Kinyarwanda. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, hao hawakuwa na mtu wa kuwapigia simu awaambie warudi kwao." Akainuka kwenda kuepua chungu. Sentensi hiyo moja ilinirudisha kwenye historia.

Kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Rwanda, UNAMIR, kiliundwa kwa azimio namba 872 la tarehe 5 Oktoba 1993 ili kusimamia utekelezaji wa Mkataba wa Amani wa Arusha. Kiliongozwa kijeshi na Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada. Wanajeshi wa Ubelgiji ndio waliokuwa na mafunzo na vifaa bora, na wapatao 90 kati yao, chini ya Luteni Luc Lemaire, walipiga kambi katika shule ya ufundi ya ETO, Kicukiro. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza tarehe 7 Aprili 1994, watu walikimbilia huko. Sababu yao ilikuwa rahisi kuieleza: palikuwa na bendera ya buluu langoni na askari wenye bunduki. Katika siku chache walifika zaidi ya 2,000. Miongoni mwao alikuwemo Boniface Ngulinzira, waziri wa zamani wa mambo ya nje aliyeshiriki kujadili Mkataba wa Arusha. Nje ya uzio Interahamwe walikuwa wakisubiri.

Siku ileile ya tarehe 7, askari 10 wa Ubelgiji waliuawa katika Kambi ya Kigali. Serikali yao ikaamua kuwaondoa wanajeshi wake wote. Tarehe 11 Aprili mchana, askari wa Ufaransa walifika ETO kuwachukua wageni, kisha Wabelgiji nao wakaondoka. Wakimbizi waliwasihi, na wengine walijaribu kuyazuia magari. Askari walifyatua risasi hewani ili kupata njia. Walipokwisha kutoka, wauaji waliingia.

Walionusurika shambulio la kwanza walijaribu kwenda Uwanja wa Amahoro, ambako palikuwa na kikosi kingine cha Umoja wa Mataifa. Walisimamishwa Sonatubes, wakageuzwa, wakaswagwa kwa miguu hadi kilima cha Nyanza, mahali palipokuwa pakitupwa takataka za mji. Huko waliuawa kwa risasi, magruneti na mapanga. Wachache waliobaki hai chini ya maiti waliokolewa na askari wa RPF.

Sasa nirudi kwenye neno la mama mwenye nyumba. Tamthilia nyingi za aina hii zina imani moja iliyofichika, kwamba binadamu huwa mnyama pale serikali inapokufa. Ikiondoka amri, unakuja uovu. Kwa hiyo shujaa ni yule anayebeba amri ya zamani kifuani mwake. Historia yetu inaikataa imani hiyo mara mbili.

Kwanza, mwaka 1994 serikali ya Rwanda haikufa. Iliendelea kufanya kazi, na ilifanya kazi kuua. Maburugumesta walipokea maagizo na kuyashusha hadi kwenye seli. Vitambulisho vilivyotolewa na dola vilikaguliwa kwenye vizuizi vya barabarani. Redio RTLM ilitangaza kila siku. Virusi havina nia wala orodha ya majina. Mauaji ya kimbari yalikuwa na vyote viwili. Ndiyo maana kulifananisha janga lile na maradhi yaliyotoka angani ni kuwapunguzia wahusika dhambi.

Pili, askari wa ETO hawakukosa amri. Walikuwa nayo, ilitoka katika mji mkuu wenye taa, simu na bunge, na waliitii. Mabaharia wa Nathan James walibaki kwenye kazi yao kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuwaita. Wabelgiji waliitwa. Pengine jaribio gumu zaidi la uaskari halipo katika dunia iliyokufa. Lipo katika dunia iliyo hai kabisa, pale ndege ya kukurudisha nyumbani inapokusubiri na watu 2,000 wakikutazama.

Mtu anaweza kupinga kwamba luteni mmoja hakuwa na uwezo wa kukataa uamuzi wa serikali yake. Hoja hii ina uzito, na sidhani ni haki kumtwika kijana mmoja mzigo wa mataifa. Lakini siku zilezile wapo waliochagua vingine. Tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama, kwa azimio namba 912, liliamua kupunguza kikosi hadi watu 270 hivi. Dallaire na naibu wake, Brigedia Jenerali Henry Anyidoho wa Ghana, walibaki na zaidi ya idadi hiyo, wengi wao wakiwa Waghana wenye silaha na magari haba. Kapteni Mbaye Diagne wa Senegali alikuwa mwangalizi wa kijeshi asiyebeba silaha. Alipita vizuizi mara kwa mara akiwaficha watu garini mwake, akitumia ucheshi na sigara kuwalainisha wauaji, hadi alipouawa na kombora tarehe 31 Mei 1994. Hakuna aliyemwamuru kufanya hivyo. Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa ulianzisha nishani yenye jina lake.

Hapa ndipo ninapoilaumu tamthilia niliyoipenda. Ilitengenezwa kwa ushirikiano wa Jeshi la Majini la Marekani, na inajua kujisifu. Meli moja ya Marekani inaiokoa dunia nzima, na mataifa mengine huja kama maadui au kama watu wa kuokolewa. Kwetu haikuja manowari yoyote. Mauaji yalikomeshwa na RPF, na Kigali ikakombolewa tarehe 4 Julai 1994. Waliotoka nje wakatusaidia kweli walikuwa Waghana na Wasenegali, watu ambao tamthilia za aina hii haziwakumbuki hata kwa jina.

Hata hivyo sijuti kuitazama. Mwalimu wetu husema kwamba chanzo chochote kinaweza kumsaidia mwanahistoria akijua cha kukiuliza, hata hadithi ya kubuni. The Last Ship haikunifundisha chochote kuhusu Rwanda. Ilinipa swali la kutembea nalo katika barabara ninazozipita kila siku nikienda kupanda basi Sonatubes.

Mwaka 2000 waziri mkuu wa Ubelgiji, Guy Verhofstadt, alikuja Kigali akaomba msamaha kwa niaba ya nchi yake. ETO sasa ni chuo cha ufundi, na vijana wa rika langu husomea humo umeme na ujenzi. Kila tarehe 11 Aprili watu huwakumbuka waliouawa kwa kuifuata njia ile hadi ukumbusho wa Nyanza. Mwaka huu nilitembea nyuma ya mama mwenye nyumba, nikimshikia mwavuli. Tulipofika Sonatubes alipunguza mwendo, akatazama upande wa Amahoro, kisha akaendelea kupanda.