Masika Mfululizo: Ushahidi wa Ziwa Tanganyika

Theluji haianguki Luberizi. Theluji ya kudumu iliyo karibu iko juu ya Ruwenzori, mbali kaskazini. Hata hivyo, swali wanaloliuliza watu wa Ulaya juu ya majira yao ya baridi, yaani kwa nini miaka ya theluji nyingi hufuatana, hapa katika Bonde la Ruzizi huulizwa juu ya masika. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mfululizo wa mafuriko si lazima uwe mfululizo wa mvua kubwa.

Shahidi wetu wa kwanza ni Ziwa Tanganyika. Cameron aliufikia mlango wa Lukuga mwaka 1874, na mwaka 1876 Stanley aliukuta umezibwa na matope na majani. Maji yaliendelea kupanda hadi 1878, kizuizi kilipovunjika; kisha, katika muda wa miaka kama 15, ziwa likashuka takriban mita 10. Hapa chanzo kilikuwa mlango, wala si mawingu peke yake.

Mfano wa pili ni wa 1961. Mwishoni mwa mwaka huo mvua zilizidi kipimo kote Afrika Mashariki. Kufikia 1964 Ziwa Viktoria lilikuwa limepanda kwa zaidi ya mita 2, na Tanganyika nalo likafurika. Wataalamu wanaeleza kwamba katika miaka ya namna hiyo maji ya Bahari ya Hindi upande wa Afrika huwa na joto kuliko yale ya upande wa Indonesia, na pepo huleta unyevu mwingi barani. Hali hiyo ilionekana tena mwaka 1997, 2019 na 2023.

Lakini joto hilo la bahari kwa kawaida hudumu miezi michache tu. Je, kwa nini mafuriko huendelea kwa miaka? Jibu ni kwamba ziwa halisahau upesi. Maji yake mengi hupotea kwa kugeuka mvuke, na Lukuga hutoa kidogo tu. Hivyo masika ya kawaida yakifuata masika makubwa, huongeza maji juu ya yale ambayo hayajaondoka. Ndivyo ilivyokuwa baada ya 2019: Uvira ilipatwa na mafuriko ya Aprili 2020, na mwaka 2024 ziwa lilifunika bandari ya Kalundu pamoja na mitaa ya Bujumbura.

Kwa kuhitimisha, ziwa hukumbuka na watu husahau. Maji yakirudi nyuma, ufuo hulimwa na kujengwa, kana kwamba 1878 na 1964 hazikuwapo. Anayetafuta kiwanja ukingoni mwa ziwa asiulize mvua ya mwaka huu tu. Awaulize wazee maji yalifika wapi.