HESHIMA YA WIMBO WA TAIFA



Sisi tuliotoka Macaloe huulizwa na watoto wetu: wimbo wa wenyeji unapoimbwa, tusimame ilhali si wetu? Historia inatujibu.

Vita vya ukombozi vilianzia Chai, wilaya ya Macomia, tarehe 25 Septemba 1964. Wazee wetu wengi wa Cabo Delgado walivuka mto Ruvuma wakapokewa Tanzania. Huko walisimama kwa wimbo wa "Mungu Ibariki Afrika", ambao sauti yake ilitungwa na Enoch Sontonga wa Afrika ya Kusini mwaka 1897. Kusimama huko hakukuwafanya waache kuwa watu wa Msumbiji.

Tulipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, wimbo wetu ulisifu chama cha FRELIMO. Katiba ya mwaka 1990 iliporuhusu vyama vingi, maneno hayo hayakuwafaa wote tena. Yakaachwa, ukapigwa muziki mtupu, hadi mwaka 2002 Bunge lilipopitisha "Pátria Amada". Miaka hiyo watu walisimama kwa wimbo usio na maneno. Heshima basi haikuwa ya maneno, ilikuwa ya watu na nchi yao.

Kwa hiyo tuwafundishe watoto: wimbo ukianza, simama wima, mikono ubavuni, mazungumzo yakome. Wa wenyeji tuuheshimu kwa kuwa wametupokea. Wa kwetu tuufundishe sisi wenyewe, jioni, nyumba kwa nyumba, ili siku ya kurudi Macaloe watoto wasiwe wageni kwao.